Ndoo Kisimani

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Raundi ya gemu yetu ya mashujaa imefungwa. Kila mchezaji hunitumia hatua yake kwa imeli, mimi peke yangu, mwisho adhana ya Magharibi siku ya Alhamisi. Natupa dadu, naandika kilichompata kila shujaa, nawatumia wote. Asiyetuma, shujaa wake husimama na kujikinga tu. Raundi iliyokwisha kuandikwa haifunguliwi. Sheria nimetunga mwenyewe na ni nzuri. Pigano hili na zimwi la kisimani lilianza kabla ya Ramadhani. Ndani ya gemu haijapita dakika moja.

Mwaka jana tulicheza mezani, hapa Amu, pigano zima kwa birika moja la chai. Kisha Raihana akaolewa Kiwayu, akapata kazi ofisi ya hoteli. Wazir kakake akarudi Siyu kulima. Hawasemezani tangu harusi — Wazir alimwambia mbele ya watu kwamba anakwenda Kiwayu kuwatekea watu maji. Jepchirchir, nesi, mchezaji wetu wa tatu, anasema gemu hii ndiyo mahali pekee wale wawili bado wanakutana. Mimi nasema ni gemu. Lakini sijawahi kuchelewesha raundi.

Hatua ya Wazir leo: ameshuka kisimani peke yake, zimwi limemkamata mguu. Halafu: "Mwambie Raihana: ndoo." Basi. Hakuna upanga, hakuna ngao. Nimefikiri, nikaona ni akili — kisima, kamba, ndoo. Nimempa pointi ya ubunifu. Dadu hazikumhurumia. Amezimia, na asipofikiwa raundi ijayo anakufa. Nimewaandikia wengine, si yeye, maana aliyezimia haoni kitu: Wazir anamtaka Raihana amletee ndoo.

Ijumaa, 5 Septemba

Bi Huwaida, mwenye nyumba, ameniita kutoka chini wakati wa chakula cha mchana. "Mwalimu, ndoo." Nimempelekea. Ananiita hivi tangu nihamie kwake mwezi jana, na hakuna aliyorudisha. Maji ya mfereji yanatoka. Sijui anazifanyia nini.

Imeli ya Raihana: "Mwalimu, mwambie Wazir maji ninayoteka huku yanatosha. Mimi nimetoka kwenye gemu."

Nimemjibu kwamba anayetoka hutoa taarifa raundi moja kabla. Hajajibu.

Jumatatu, 8 Septemba

Wazir anauliza kama neno lake lilifika. Nimemwambia lilifika, na Raihana ametoka. Akaandika, "Basi, nimesikia."

Jepchirchir amepita akitoka zamu. Amesoma raundi yote amesimama mlangoni, na kiatu kimoja mkononi.

— Hudson, nani huyu anamwomba dadake ndoo saa ya kufa?

Nimesema mchezaji ana uhuru wa kuchagua kifaa. Ameniangalia kama mgonjwa aliyekataa sindano.

Alhamisi, 11 Septemba

Raundi sijaifunga. Mara ya kwanza. Nimewaandikia kwamba kuna hitilafu ya mtandao. Mtandao ni mzima.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeitwa tena chini. Ndoo sina, iliyobaki ni ya kuogea. Nimeshuka mikono mitupu nikaomba radhi.

— Bi Huwaida, ndoo zimekwisha.

Zangu zote zilikuwa jikoni kwake, zimepangwa, safi.

— Mwanangu, n'nakwita uye ule. Nakwambia ndoo, waniletea ndoo, warudi yuu. Nikasema labda huyu hali samaki.

Nimeuliza ndoo ni nini. Akasema ndoo ni ndoo. Akanyoosha mkono, akauvuta kwake. "Ndoo. Kuya."

Njoo.

Ndia najua ni njia. Ndaa najua ni njaa. Mimi ni mwalimu wa hesabu — nimeona mfuatano mbele yangu mwaka mzima na nimeshindwa kutaja namba inayofuata. Wazir na Raihana wakizungumza nami hutumia Kiswahili cha shule. Hili hakuniambia mimi. Alimwambia dadake, kwa maneno ya nyumbani kwao, neno moja tangu harusi. Nami nikalichukua nikalifanya agizo la maji.

Nimekula wali wa samaki wa Bi Huwaida hadi ukaisha na siwezi kusema ulikuwaje. Nimeona haya. Haya hasa, ya kutotaka kunyanyua uso.

Jumapili, 14 Septemba

Nimefungua raundi iliyofungwa. Nimemtumia Raihana maneno ya Wazir kama yalivyo, bila kugusa nukta. Chini nimeongeza: Kosa ni langu. Hakutaka ndoo. Alikuita.

Nimemwambia Wazir pia. Amejibu bila salamu: "Ulimwambia aniletee ndoo? Raihana? Baada ya maneno yangu ya harusini?" Baadaye kidogo ikaja nyingine: "Na ukanipa pointi."

Nimeiondoa pointi.

Jumatano, 17 Septemba

Raihana ameandika. Imeli nzima ni hii: "Nakuya."

Nimefurahi hadi nikasimama. Kisha nikaketi, nikamwuliza anashuka kwa kamba au kwa ngazi, na ameshika silaha gani, maana bila hayo sijui nitupe dadu ngapi. Nimemwonyesha Jepchirchir. Amesema mimi ni bure kabisa, na kwamba niziache dadu.

Alhamisi, 18 Septemba

Raihana hajajibu kuhusu kamba. Nimepiga simu hotelini. Mwenzake wa ofisini anasema ameomba ruhusa leo asubuhi, ameondoka na begi. Wapi? Anasema, kwao. Kwa mumewe ni hapo hapo Kiwayu, mtu haendi na begi; basi ni Siyu. Lakini sina hakika, na nimeshawahi kuwa na hakika.

Hatua ya Wazir imefika mapema: "Nangoja." Kisha, nje ya gemu: "Mwalimu, ametuma chochote?"

Hatua ya mchezaji ni siri hadi raundi iandikwe. Hiyo nayo ni sheria yangu. Na nikimwambia anakuja, kisha asitokee, atakayeumia ni Wazir wa Siyu, si shujaa wa kwenye karatasi.

Adhana ya Magharibi imekwisha. Dadu ziko mezani, sijazigusa. Bi Huwaida ameita, nimemwitikia nakuya, na bado nimeketi. Nimeanza raundi: "Wazir yu hai. Raihana yuko njiani." Nikafuta neno la mwisho, nikaandika ndiani. Sijatuma.