Nilimfundisha Mpwa Wangu Kuandika Kuanzia Mkiani

Mpendwa mshauri wa gazeti, Bi Sawsan,

Naomba msaada wako upesi, maana Jumatatu dada yangu Intisar anampeleka bintiye Rahaf, mwenye miaka sita, kwa daktari wa ubongo huko mji mkuu, Amman, na mtoto hana ugonjwa wowote, ugonjwa ni mimi. Mimi ni Nayef, fundi wa vibao vya maduka, mji wa Karak mzima unanijua, kibao changu cha duka la kunafa, ule mkate mtamu wa jibini na asali ya sukari, kilikuwa kitamu hata nyuki walitua kwenye herufi, wallahi, na dereva mmoja wa lori kutoka mji wa Maan alipanda ngazi akakilamba. Basi dada aliponiambia, "Nayef, wewe una mkono, mfundishe mtoto kabla shule hazijafunguliwa," ningekataaje?

Ukweli ambao sijamwambia mtu ni kwamba shule niliiacha darasa la pili, kusoma najikokota, kuandika sijui, hata barua hii nakutumia kwa sauti ya simu, na maneno ya vibao huyachora bosi kwa chaki, mimi najaza rangi tu, na rangi mbichi naijaza kuanzia kushoto, yaani mwisho wa neno, maana Kiarabu chetu huandikwa kuanzia kulia, nikirudi kulia, ili mkono usiivuruge. Hivyo hivyo nikamfundisha Rahaf, nikamwambia ni siri ya mafundi, asimwambie mtu. Herufi zake zinapendeza, lakini mwalimu akitamka neno, wenzake wanaanza na herufi ya kwanza, yeye anasubiri neno liishe aanzie mkiani, wenzake wakifika neno la tano yeye yuko la pili, wanamwita Rahaf Rivasi. Wiki jana mwalimu akamwita dada, "Mama Rahaf, mtoto anaandika kinyumenyume, kichwa chake kikaguliwe."

Jana Rahaf alinijia na daftari, akanong'ona, "Mjomba, watanipasua kichwa?"

Nikamjibu, "Nani akupasue, na mimi nipo?" Halafu nikajifungia chooni. Sijala tangu hapo. Nikisema, Karak itanicheka mpaka kaburini, nisiposema, mtoto atakua akiamini ana kasoro. Nifanye nini?

Nayef, Karak

JIBU

Ndugu Nayef,

Pole kwa hofu, lakini ya kwako haina uzito mbele ya ile ya Rahaf. Mtoto wa miaka sita anadhani atapasuliwa kichwa, na hata hivyo amekutunzia siri! Wewe unayejiita fundi umejificha chooni. Huoni haya?

Kwanza mfungue mdomo mtoto. Mwambie hivi, kwa maneno haya: "Mimi ndiye niliyekosea, kichwa chako kizima." Siri ya mtu mzima si mzigo wa mtoto. Kisha Jumapili asubuhi, wiki ya shule ikianza, ingia shuleni naye, umweleze mwalimu ulivyomfundisha. Kazi ya chaki na ya rangi zieleze zote mbili, na nyuki uwaache nyumbani. Mwalimu akishajua, atamrudisha kwenye mstari taratibu. Mkono wenye herufi nzuri umeshamaliza nusu ya safari.

Halafu kila alasiri kaa karibu naye na daftari lako mwenyewe, uanze kulia, herufi ya kwanza kwanza. Darasa la pili halijakukimbia. Ukikosea, yeye ndiye akusahihishe, na akicheka, mwache acheke.

Karak itakucheka wiki moja. Safari ya Amman itamkaa mtoto miaka.

Na dada yako Intisar, bila shaka yuko jikoni. Weka gazeti chini, nenda ukamwambie yote, aifute safari ya Jumatatu.