Mkwe katika Shamba la Mama Feza

Kabambare, Jumanne, 11 Machi 1958. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu mzito mpaka saa tatu.

Yaya Veronika, dada yangu mkubwa mpendwa,

Nakusalimu, na kupitia kwako namsalimu Baba, Mama na watoto wote wa nyumba. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mwambie asishuke mtoni katika matope haya. Wajukuu wapo, wachote maji wao. Mimi sina ugonjwa ila uchovu, ule ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Barua yako ilifika Ijumaa na kamioni ya pamba, nikaisoma nimesimama. Kwamba wazee wa Lusangi wamepokea mali ya ndoa, kwamba mdogo wetu Anastazi ana mchumba, na kwamba Baba alicheza mbele ya watu. Nilifurahi, Yaya. Kisha nikafika kwenye jina la binti, Feza, nikakaa chini.

Kuna jambo sikukuandikia, nikingoja likamilike kwanza. Unajua kwamba nikimaliza kazi yangu ya monita, kufundisha watoto, huwa namsaidia agronomu wa hapa, bwana wa kilimo, kuandika barua zake kwa mashine. Tangu Noeli tumekuwa tukiandika ombi. Universite ya huku na nyingine ya Ubelgiji zinatoa bursi, fedha za masomo, kwa vijana waliokwisha kupata diploma, ili wafundishwe kazi ya utafiti. Sharti lao ni kwamba wajifunze wawili wawili, mmoja wa kwetu na mmoja Mbelgiji, katika shamba moja na kwa mwalimu mmoja. Agronomu alichagua mpunga, akaniuliza kama ninamjua kijana anayefaa. Nikamtaja Anastazi. Akikosa nafasi hii atakaa ofisini kunakili majina ya walipa kodi mpaka nywele zigeuke nyeupe. Mwenyewe hakulalamika. Aliandika tu kwamba wamekwisha kumwonyesha meza yake.

Na mwalimu tuliyemwandika katika ombi ni Mama Feza wa Lusangi. Wanawake wa kule wanalima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na hakuna anayetia mbegu udongoni kabla yake. Mwezi wa kwanza nilimwendea, akakubali vijana wote wawili wamfuate shambani tangu kupanda mpaka kuvuna, na wapate chakula kwake. Niliandika hayo yote kwa Kifaransa, ukurasa baada ya ukurasa, nikaona nimefanya kazi nzuri. Siku zilezile ninyi huko Kasongo mlikuwa mkimposea kijana wetu binti yake.

Sasa huyo ni mama mkwe wa Anastazi. Hatamtazama usoni, hatakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja lazima aingie majanini. Unakumbuka Baba alivyokuwa akizunguka nyumba nzima ili asikutane na Bibi, hata mvua ikinyesha. Mtu wa namna hiyo atafundishwaje kupanda mpunga?

Nilimweleza agronomu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mambo hayo hayawezi kungoja mavuno yaishe. Nilipomwambia hayangoji, alisema basi tuondoe jina la Anastazi, yuko kijana mwingine wa Stanleyville aliyekwisha kuomba. Hakusema kwa ubaya. Karatasi lazima ziondoke na kamioni ya Jumatano. Nikamwomba anipe Jumapili.

Baada ya misa nilikwenda Lusangi, sehemu kubwa ya njia nikisukuma baiskeli. Nilimkuta Mama Feza na wenzake wakipepeta mbegu barazani. Alianza kucheka kabla sijamaliza salamu. Tangu siku ya mali alikuwa akijiuliza nitakuja lini.

"Mumesoma sana, mama monita," alisema, "lakini mutoto mumemutuma mahali pawili. Kwangu kuoa, na kwangu kusoma."

Mmoja wa wenzake alishauri Anastazi afunikwe kapu kichwani. Mwingine akasema afadhali na yule muzungu atafutiwe muke hapahapa, wafunikwe wote wawili. Nilicheka nao, mara ya kwanza wiki hiyo.

Niliuliza kama tungeweza kuleta mbuzi na kitambaa vya kuondoa ile haya ya mkwe mapema. Alikataa. Hayo ni ya baada ya mtoto wa kwanza. Akipokea sasa, watu watasema amevua heshima ya binti yake kwa ajili ya skuli. Niliuliza kama mwenzake mmoja angeweza kufundisha badala yake. Wote wakainamia nyungo zao, nikaona aibu kwa kuuliza.

Mwishowe alinisindikiza mpaka njiani, akasema taratibu: "Iko njia mbili. Nimufundishe muzungu, yeye aende kumwambia mukwe wangu. Ao wewe, dada yake, ukae katikati yetu. Mimi nitasema na wewe, yeye atasikia. Atauliza kwako, mimi nitasikia. Hivyo haina haya."

Nilimshukuru, nikashika baiskeli. Nilijua ile njia ya pili inataka nini.

Jana nilimweleza agronomu njia ile ya kwanza, akaipenda. Alisema universite zitafurahi kuona vijana wakifundishana, akaniambia niandike. Nilitia karatasi katika mashine, nikakaa. Yaya, niliitoa tupu. Kijana wetu asimame njiani, apokee mpunga wa Lusangi kutoka kinywani mwa mtu aliyeshuka juzi katika ndege? Wakiandika kitabu baadaye, jina la nani litatangulia?

Nikamwambia iko namna nyingine, wote wawili wakae shambani sawasawa, na mtu wa katikati awepo. Akauliza ni nani huyo.

"Mimi," nikasema.

Alitazama kalenda yake, akanikumbusha kwamba bursi ni ya miaka miwili.

Hapo ndipo ninapokuogopa. Nilikuahidi kwamba skuli ikifunga Julai nitarudi kukaa na Mama, nawe uende Kindu kwa mume wako, aliyekwisha kungoja sana. Sikupata nafasi ya kukuuliza; kamioni inaondoka kesho. Nimeandika jina langu, na agronomu ametia sahihi. Jibu litakuja Juni. Wakikataa, nitarudi kama tulivyosema, na sijui siku hiyo nitashukuru ao nitalia. Wakikubali, nenda Kindu hata hivyo. Mchukue Mama pamoja nawe kama mguu unaruhusu. Nitatuma nusu ya mshahara wangu kila mwezi. Ukinikasirikia, nikasirikie mimi tu.

Anastazi usimwambie kwamba ni kwa ajili yake. Mwambie kwamba huku wamekosa monita, ndiyo sababu nimebaki.

Nisalimie katekista jirani yetu, mjomba fundi wa viatu, na shangazi wa Nyangwe anayetuletea samaki. Shemeji wa Kindu nitamwandikia mwenyewe. Neno hili halifai kumfikia kwa kinywa chako.

Ni mimi mdogo wako,
Bernadeta

Jumatano, asubuhi. Mvua imeacha, dereva anafunga magunia. Nilikwenda kitandani saa nne usiku. Usingizi ulikuja saa tisa.