Gordie na Tanuri Lake la Haraka

Shoga, Gordie msimamizi wetu kaumbuka mbele ya meneja! Kaumbuka!

Si unalijua lile tanuri la taa la kukaushia rangi? Kila Jumatatu likiwashwa, kengele ya umeme kupita kiasi inalia. Wimbo wa Gordie ni uleule: "Fundi gani huyu Colleen? Afukuzwe!"

Leo Colleen kakagua mtambo unaoongoza umeme wa tanuri. Taa zikilala wikendi nzima na baridi ya mji wetu huu wa Duluth hunywa umeme kwa pupa, lazima ziwashwe polepole. Kumbe mtu kaziweka ziwake kwa mkupuo, kisha kaufunga mtambo kwa nywila!

Colleen akauliza, "Gordie, mbwa wako anaitwa nani vile?"

Mbwa, shoga! Naye akajibu kwa madaha, "Moose."

Colleen akaandika Moose. Mtambo ukafunguka.

"Nilitaka tu tanuri liwahi," Gordie akanong'ona.

Meneja: "Na wewe leo utawahi nyumbani."