Baiskeli ya Baba na Safari ya Elisabethville

Mama yangu mpenzi,

Nimerudi juzi kutoka Iringa, tulikomzika mdogo wako wa mwisho. Msibani wajukuu waliniuliza habari za ile safari yako ya Kongo, nikagundua nimebaki peke yangu niliyekuwemo. Nimeona nikuandikie kabla na mimi sijaanza kusahau.

Mjomba alikuja Uyole kukuchukua. Barua za baba zilikuwa zimekatika mwaka mzima; ya mwisho ilitoka Elisabethville, alikokwenda kuchimba shaba. Mjomba aliongea nawe Kihehe kwa muda mrefu, kisha akanigeukia kwa Kiswahili: "Atupele, ukija Iringa nitakupeleka shule." Nilikuwa na miaka tisa, na hakuna nilichokitaka zaidi ya hicho. Wewe ulimwongezea uji, ukamwambia, "Kaka, sitarudi nyumbani kama mjane na sijui kama mume wangu amekufa. Kwanza nikamtazame."

Wiki ile ile ukaitoa baiskeli ya baba chumbani. Kuiendesha hukujua. Ulisema tukikwama tutaiuza. Lori likatufikisha Tunduma, jingine likatuvusha Rodeshia ya Kaskazini mpaka Kapiri Mposhi, na hapo ndipo nilipoiona treni kwa mara ya kwanza.

Gadi hakukubali baiskeli ikae na abiria, akaipeleka behewa la mizigo, mwisho kabisa. Hukumwamini. Kila stesheni ulishuka kwenda kuihakikisha, mimi nikabaki dirishani nikikuchungulia. Kabla ya Ndola treni ikaondoka wewe ukiwa bado chini. Nililia mpaka watu wakasimama. Mwanamke mmoja wa Kibemba alinivutia kwake akasema, "Leka ukulila," yaani acha kulia. Nilinyamaza kwa mshangao, maana bibi, mama yake baba, alinibembeleza kwa maneno hayo hayo kwa Kinyakyusa. Stesheni iliyofuata ukatokea mlangoni, kilemba kimekutoka, uso umejaa vumbi la makaa. Ulikuwa umerukia behewa la mizigo.

"Baiskeli ipo," ulisema, kana kwamba ndiyo niliyokuwa naililia.

Mpakani mwa Kongo mizigo yote iliteremshwa. Askari akauliza kwa Kiswahili chao, "Hii kinga ni ya nani?" Ukasimama wima, ukamjibu kwa heshima zote, "Kinga yangu mimi ni Mungu." Watu waliangua kicheko. Alipoushika usukani ndipo tulipoelewa kwamba kwao kinga ni baiskeli. Askari mwenyewe alicheka hadi akasahau kutuuliza karatasi.

Elisabethville ulizunguka kwenye makazi ya wachimbaji siku tatu, ukiisukuma ile baiskeli na kutaja jina la baba kwa kila mtu. Tulimkuta nje ya kibanda, anachambua maharage kwa vidole. Baruti ilikuwa imempofusha.

"Kwa nini hukutafuta mtu wa kukuandikia?" ulimwuliza.

"Ningeandika nini, Mama Atu? Kwamba uje ubebe kipofu?"

Uliuchukua mkono wake ukauweka kichwani pangu. "Huyu mwanao ndiye aliyekataa tukuache," ulimwambia. "Kila nilipochoka, alisema twende."

Mama, sikusema twende hata mara moja. Njia nzima nilikuwa naomba moyoni tusimkute, ili nikasome Iringa. Nawe ulijua, kwa sababu kila tuliposimama nilikuuliza kama hatuwezi kugeuza. Baba alinipapasa uso, akaanza kulia. Mimi nikatazama chini.

Tulikaa kule wiki kadhaa akipata nguvu. Jirani mmoja alikufundisha kuendesha baiskeli, ukaanguka mpaka magoti yakawa makovu matupu. Tuliporudi, lori lilituacha Ilomba. Ukampandisha baba kwenye keria, ukakanyaga kwenda Uyole, mimi nikikimbia nyuma na furushi. Wanawake waliokuwa wanapalilia waliacha majembe.

"Wanacheka nini?" baba aliuliza.

"Wanatucheka sisi. Hawajaona mwanamke akimbeba mume."

"Basi kanyaga taratibu, watuone vizuri."

Shule nilisoma hapa hapa Mbeya. Baba ndiye aliyening'ang'ania niende, na jioni aliniketisha nimsomee kila nilichofundishwa. Kila mgeni aliyeingia kwetu alisimuliwa habari za binti aliyemfuata baba yake mpaka Kongo. Miaka ya mwanzo nilikuwa natoka nje nisisikie. Baadaye nikawa nabaki. Nilimwongoza njiani, nilimnyoa ndevu, na wewe ulipotangulia nilimhamishia kwangu mpaka siku tuliyomzika. Siku moja alinishika mkono, akaniambia mimi sijabadilika tangu siku ile ya kwanza. Nilitaka kumweleza ukweli, kisha nikaona hakuna tena cha kueleza. Mtoto uliyemtaja kwake pale kibandani hakuwepo wakati ule, Mama, lakini kwa kutajwa kila siku alikuja kweli.

Pumzika salama. Asante kwa uongo ule.

Ni mimi binti yako,
Atupele