Khanga za Mama Nilizozigeuza Foronya

Jumatatu, asubuhi imeshapita. Upepo wa mwezi wa saba unavuma tangu alfajiri, na vumbi la mtaa wetu wa Nyasubi limeingia hadi kwenye sufuria niliyoifunika. Nimefuta meza mara mbili, nikaacha. Leo sina hamu ya kufuta kitu.

Shajara, naandika nikiwa nimekaa chini kwenye mkeka, kwa sababu kochi siwezi kulitazama.

Wanaonisoma hapa kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni wananijua kwa mambo ya nyumba. Mimi ndiye yule anayenunua mlango mbovu mnadani na kuugeuza meza. Watu wa mgodini Buzwagi walipoanza kuhama na kuuza vitu vya ndani, nilikuwa getini kwao kabla hawajamaliza kufunga mizigo. Kabati langu la vyombo limetoka huko, na zulia pia. Isumbi, kile kigoda chetu cha Kisukuma, nilikikuta Mhunze kwa mzee mmoja akikiegemezea mlango wa banda la mbuzi. Alinishangaa sana nilipokitaka. Nina ugonjwa huo. Nikiona kitu cha zamani mikono inaniwasha, na sijawahi kujificha.

Safari hii mikono iliniwasha mahali pasipotakiwa.

Mama alifariki wakati wa mvua. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, na alifia hapa kwangu Kahama. Tulimzika kijijini kwetu Mhunze, lakini sanduku lake la bati lenye nguo lilibaki huku. Kikao cha familia kilikubaliana tusubiri. Pamba ikishauzwa, watu wakipumua kidogo, tukutane Mhunze tugawane nguo za marehemu. Katika ukoo wetu nguo hizo hazikai kwa mtu mmoja. Dada zake, wifi zake, sisi watoto, kila mtu anaondoka na yake, hata kama ni kilemba kilichotoboka, akavae na kumkumbuka. Kabla ya siku hiyo sanduku haliguswi. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

Nililifungua mwezi wa tano. Nilijidanganya kwamba naangalia mende wasije wakawa wameingia. Mende hawakuwemo. Zilikuwemo khanga na vitenge, na ile harufu ya mama, sabuni ya mche na moshi wa kuni. Nililia nikiwa nimeuingiza uso mle ndani. Nilipomaliza kulia, nikaitandaza khanga moja juu ya kochi, nione tu rangi.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Rangi zile madukani huzikuti tena. Nyekundu iliyofuliwa miaka na miaka inatulia, haikupigii kelele machoni. Nikajiambia, nani atazitaka hizi? Shangazi zangu watagawiwa, na baada ya mwezi zitakuwa matambara ya kudekia. Kwangu zitaishi, watu wataziona. Niliamini hivyo kabisa, wala sikujiona mwizi. Mume wangu, Baba Limi, alinikuta na mkasi akaniuliza kama zimeshagawiwa. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Akaenda zake kuangalia mpira.

Nikashona foronya za mito ya kochi, nikashona na pazia la dirisha dogo. Vipande vilivyobaki nikavitia kwenye fremu, nikavitundika ukutani. Sanduku lenyewe nililipiga msasa, nikalipaka rangi ya kijani na kuliwekea kioo juu, likawa meza ya katikati ya sebule. Nikapiga picha nikaziweka hapa, nikaandika tu kwamba ni khanga za zamani. Mlinisifu sana. Kuna mmoja aliandika kwamba mama yangu angefurahi kuiona sebule hii, na mimi nikamrudishia kopa jekundu.

Jana mchana mama mdogo akapiga hodi.

Niwaeleze wasiomjua. Mama mdogo Kabula ndiye aliyemfuata mama kuzaliwa, na ndiye aliyemuuguza. Muda wote wa ugonjwa aliliacha shamba lake Mhunze, akawa analala kwenye godoro chini, pembeni ya kitanda cha dada yake. Mimi nilikuwa naamkia dukani. Yeye alikuwa anamgeuza, anamwogesha, anamlisha uji kwa kijiko. Jana alikuja kutuambia kwamba pamba imeuzwa na tunakutana Jumamosi. Nilimuuliza kwa nini hakupiga simu akajipunguzia uchovu wa safari. Akasema habari za marehemu hazipelekwi kwa simu.

Nilimwamkia, akaitikia, akavua viatu mlangoni na kuingia. Alikuwa amejifunga khanga ya maua mekundu yenye pindo jeusi. Maua yale yale yalikuwa kwenye mito yangu miwili. Khanga zinauzwa mbilimbili, na hao wawili waliwahi kuchangia doti moja wakagawana, mama kipande chake, mama mdogo cha kwake. Mama alinisimulia hilo nikiwa binti. Siku nilipokuwa na mkasi mkononi halikunijia kichwani.

Mama mdogo akatazama kochi, akatazama pazia, akatazama zile fremu moja moja. Afadhali angenigombeza. Alikaa ukingoni mwa kochi, na mchana kutwa mgongo wake haukugusa mto. Chai aliinywa, lakini kikombe hakukiweka juu ya ile meza ya sanduku, alikiweka sakafuni karibu na mguu wake. Akauliza habari za watoto na za duka. Mimi nikawa naongea kama redio, mara bei ya mchele, mara umeme unavyokatika, ilimradi nafasi ya kunyamaza isipatikane. Tulikula, tukasali, nikamtandikia kitanda cha Limi, tukalala bila yeyote kulitaja.

Leo asubuhi nikamkuta uani ana sindano na uzi.

Alikuwa ameifumua ile mito miwili ya maua mekundu. Pamba ya ndani aliitia kwenye mfuko akaufunga vizuri, isipeperuke. Vile vipande alikuwa amevishikiza kwa mkono, kimoja na kingine, akifuatisha pindo jeusi pale lilipobaki. Akasimama, akajizungushia kiunoni juu ya gauni. Mama mdogo ni mwembamba, na kuuguza kulizidi kumkondesha. Bado ncha hazikukutana. Akavuta upande huu, akavuta na ule.

"Hainifikii," akasema.

Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyejaribu kiatu cha mtoto. Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi nikaanza kulia na kuomba radhi. Nikasema nitamnunulia doti mpya, nitamnunulia hata tano, achague mwenyewe. Akaniambia ninyamaze, watoto watasikia. Kisha akanieleza, taratibu, kwamba katika sanduku zima alikuwa anaisubiri hiyo moja. Vitenge angewaachia wenzake. Yeye alitaka ajifunge kipande chake, ajitande kile cha dada yake, aende navyo kanisani. Basi, hilo tu. Alikuwa amelisubiri tangu tulipotoka makaburini.

Nikajifuta uso kwa upindo wa gauni.

Akakaa tena, akaanza kukifungua kile alichokishikiza, uzi mmoja mmoja, asikichane. Bila kunitazama, akiniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu, akasema maneno ambayo ndiyo yamenikalisha hapa chini.

"Jumamosi usiwaambie umezikata, mayu. Shangazi zako hawatakuachia, na wewe bado una mabinti wa kuoza. Sema Kabula alikuja akazibeba zote. Mimi nimeshazeeka, watanisema mpaka wachoke."

Nami nikajibu sawa.

Shajara, nilisema sawa, mama mdogo, ahsante. Nilimsindikiza stendi, nikambebea mfuko, nikamtafutia kiti cha dirishani, nikamnunulia maji. Gari lilipoondoka nilijiona mwepesi kama mtu aliyepona homa. Nilirudi hadi na mboga za mchana mkononi.

Wepesi ule ndio unaonitia aibu kuliko mkasi. Nikiwa nakata zile khanga nilikuwa mjinga, na mjinga anaweza kuomba radhi. Leo stendi nilikuwa najua kila kitu. Nilijua kwamba mwanamke aliyemsafisha mama yangu mpaka siku ya mwisho ataitwa mlafi wa nguo za marehemu, tena na dada zake, tena mbele ya wakwe. Katika ukoo wetu mtu akishapakwa doa hilo linamfuata hadi harusini. Angelibeba kwa ajili yangu, ili mimi niendelee kuitwa fundi wa kupamba nyumba. Na mimi nikamshukuru.

Nimefikiria niende tu Jumamosi nikaseme kila kitu pale kikaoni. Lakini najijua. Nitawakuta shangazi zangu wamejaa kwenye mikeka, mama mdogo atanikazia macho ninyamaze, na nitanyamaza. Leo nimenyamaza na haikunipa taabu hata kidogo.

Kwa hiyo nimetoa fremu ukutani na kushusha pazia. Foronya zilizobaki nimezifumua, sikuzifua tena, na kila kipande nimekikunja pamoja na mwenzake. Kioo nimekitoa juu ya sanduku na nguo nimezirudisha ndani. Rangi ya kijani siwezi kuitoa, itakwenda hivyo hivyo. Picha nilizoziweka hapa sizifuti pia. Anayetaka kuziangalia, aziangalie, sasa anajua ni za nani.

Najua binamu zangu wa Shinyanga mjini wanasoma ukurasa huu. Najua Nkwimba, binti wa shangazi mkubwa, huwa anamsomea mama yake kila ninachoandika, na wanacheka sana juu ya milango yangu mibovu. Nkwimba, tafadhali msomee mama na hii, leo hii, kabla mama mdogo hajasema lolote. Atawaambia ni yeye. Msimwamini.

Mama mdogo hakubeba hata kipande. Aliondoka na khanga ile ile aliyokuja nayo. Aliyezikata ni mimi, Minza.