Siachi Dawa Yangu kwa Ajili ya Kwaya

Mpendwa mshauri wetu Mama Mukunde,

Naomba msaada wako lakini usiniambie ninyamaze, maana kunyamaza nimeshajaribu. Mimi ni msusi hapa mtaa wa Gisimenti, Remera, nimekulia Bujumbura, na tangu utotoni nina ukurutu kwenye viwiko na shingoni, unawasha mpaka najikuna damu inatoka, na mwaka huu daktari wa ngozi akanipa dawa ya kupaka yenye steroidi, nikapona vizuri, ila palipopona pakabaki peupe kidogo, basi Illuminée, kiongozi wa kwaya yetu parokiani, akaniita mbele ya wenzangu akasema, "Hatuimbi na watu wanaojichubua," nikamwambia ni dawa ya hospitali, akasema, "Wote husema hivyo." Nyumbani mume wangu Audace akaniambia, "Iache tu, tupate amani." Nikaiacha, ngozi ikapasuka, nikashindwa hata kushika nywele za mteja, nikairudia, na sasa kwa hasira naipaka uso mzima, wakisema najichubua basi wawe na sababu. Jumapili nakwenda kusimama mstari wa mbele, wapende wasipende. Kosa langu liko wapi?

Natacha, Remera

*

Natacha mwanangu,

Kosa lako liko usoni. Viwikoni huna kosa. Unaumwa na umepewa dawa ya ugonjwa wako. Hilo halihitaji ruhusa ya kiongozi wa kwaya. Ukurutu wenyewe ukipona huweza kuacha weupe, na dawa hiyo ikitumiwa ovyo nayo huleta weupe. Illuminée hajui tofauti, na badala ya kuuliza akakuaibisha. Audace naye anataka amani kwa gharama ya ngozi yako. Mwambie hivyo, kwa sauti ya chini, lakini mwambie.

Sasa wewe. Nani alikutuma kupaka uso? Dawa ya viwiko ni kali mno huko. Ngozi inakuwa nyembamba, inatoa vipele na wekundu. Illuminée hatapata hata kipele kimoja. Utavipata wewe.

Usoni acha leo, na kesho rudi kwa daktari umweleze yote bila kuficha, auangalie na huo weupe. Viwikoni na shingoni fuata alivyoagiza: paka kidogo, palipo na ukurutu tu, kwa muda aliosema. Mafuta ya kulainisha ngozi paka kila siku.

Jumapili nenda, na gauni la mikono mifupi. Audace akae benchi la mbele. Illuminée akikuuliza, mjibu mara moja tu: "Ninaumwa, ninatibiwa." Akikuambia utoke, usitoke. Imba.

Mama Mukunde