Aliyebebwa Mgongoni

Jumanne, 4 Juni

Makala imetoka. "Magunia Yenye Miguu." Juu kabisa ya ukurasa, na chini yake jina langu la vita: Mwiba. Mhariri kanipigia kabla sijamaliza chai. Simu za ofisini hazipumui, anasema, hata redioni wameisoma. Nimewachana barabara. Chuo kinachowabakiza mabinti likizo nzima, ligi imekwisha, mechi hakuna hata moja, halafu kinawapandisha kilima nyuma ya mabweni wamebebana migongoni mpaka wanatapika – na hayo yanaitwa mazoezi! Kwenye aya ya mwisho nimemwita kocha wao nyapara. Neno hilo nalipenda. Nililitafuta asubuhi nzima.

Binti wa kaka yangu amerudi mchana. Anaishi kwangu tangu aanze chuo, na ndiye mdakaji wa timu ya mpira wa pete. Wenzake wanamwita Sumaku. Hakunisalimu. Ameliweka gazeti mezani, limekunjwa kwenye ukurasa wangu, akaenda kuoga. Maji yamemwagika muda mrefu.

Jumatano, 5 Juni

Kocha amesimamishwa kazi. Chumba cha mazoezi kimefungwa, na cha kubadilishia nguo pia. Mkuu wa chuo amesema redioni kwamba "tumesikia kilio cha umma." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepunguziwa mzigo.

Binti amezungumza nami hatimaye, amesimama mlangoni, mkoba begani.

Aliyebebwa ni mmoja tu. Wanamwita Kiberiti, kwa udogo wake na hasira zake. Alipasuliwa goti msimu ulipokwisha. Timu zote mbili, ya pete na ya wavu, zinapanda kilima pamoja wakati huu wa mapumziko, na yeye alikuwa akibaki chini peke yake, analia, anasingizia vumbi. Wenzake wakaamua kumbeba kwa zamu, akapigie filimbi kule juu. Kocha alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali, naye mwenyewe akachukua zamu.

Na aliyetapika?

"Alikula nusu ya tikiti maji kwa kushindana na wenzake, Shangazi."

Kwa nini hukuniambia yote haya?

"Hukuuliza. Nilikuwa nachekesha tu mezani. Na wewe ulicheka. Ukaniongezea chakula."

Nilicheka, kweli. Nikaenda chumbani nikaandika. Chuo kiko nyuma ya barabara yetu. Kengele yake naisikia nikiwa jikoni. Sikwenda kutazama.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempigia mhariri. Nimemwambia kuna makosa. Makubwa? Makubwa. Akacheka. "Mwiba haombi radhi. Mwiba anachoma." Kama nina jipya, niandike sehemu ya pili.

Nikakata simu na nikahisi nafuu. Ndiyo, nafuu. Nimejaribu! Mwenzangu kagoma! Nimeandika miaka yote hii juu ya wakubwa wanaojificha nyuma ya wadogo, na leo nimejificha nyuma ya mhariri, kijana wa kiti cha kuzunguka.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda kuwatazama. Nimechelewa kwa makala nzima, lakini nimekwenda.

Sasa wanafanyia mazoezi kwenye kiwanja kitupu nyuma ya karakana ya mbao. Unga wa mbao umetanda kila mahali, wanapiga chafya hata wakikimbia. Wa mpira wa wavu wamefunga kamba ya kuanikia nguo kati ya nguzo mbili, ndiyo wavu. Wa mpira wa pete wamening'iniza ukingo wa ndoo iliyotoboka kwenye ukuta. Binti aliponiona nikija na kapu la machungwa alisimama tuli. Kisha akasema, "Huyu ni shangazi yangu." Basi. Kwamba Mwiba ni mimi wanajua yeye, mhariri na mlipaji wa gazeti tu. Jirani zangu wanaamini nasahihisha vitabu vya shule.

"Shikamoo Shangazi!" Wote, kwa mkupuo. Wamenipa tofali nikalie. Kando yangu kwenye tofali jingine: Kiberiti mwenyewe, mguu umenyooshwa, filimbi shingoni. Mdogo kuliko nilivyomdhania. Wakati mwingine anasahau na kutaka kuinuka ghafla, kisha uso unamkunjamana.

Walipopumzika, wakamla Mwiba.

Nahodha wa pete, mrefu, sauti kama ya kipaza sauti: "Mimi nina hakika ni lizee lenye kitambi. Halijawahi kukimbia, hata kuikimbia mvua."

"Na likipiga mswaki linajiandikia makala," mwingine akadakia.

"Mke wake anamwomba chumvi mezani, yeye anauliza: chumvi hii ni ya nani, kwa maslahi ya nani?"

Wakavunjika mbavu. Kiberiti akanigusa goti. "Shangazi nawe unacheka!"

Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nawamenyea machungwa na nacheka. Akutukanaye hakuchagulii tusi, wahenga walisema. Hawakusema lolote juu ya mtu anayekaa katikati ya watukanaji wake na kuwapa maji ya kunywa.

Binti peke yake hakucheka. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu kilichokwisha fungwa.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda tena. Najiambia naenda kuchunguza. Uongo. Naenda kwa sababu wananifurahia.

Goti la Kiberiti limevimba. Mashine ya kunyooshea mguu iko chumba cha mazoezi, na chumba kina kufuli. Daktari alimwambia asikose kuitumia hata siku moja. Sasa anafunga mfuko wa mchanga kwenye kifundo cha mguu na kuinua, kuinua, jasho linamtiririka, anahesabu kwa kunong'ona. Ameniomba nimshikilie mfuko usiteleze. Nimeushikilia. Mikono hii hii.

"Kama Kocha hatarudi, mimi ndiyo basi," kasema. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Chuo kilitaka kuniondoa kwenye timu goti lilipokatika. Yeye ndiye aliyewabishia. Alisema msimu ukianza nitakuwa nimesimama."

Nimesoma vitabu juu ya dhuluma mpaka macho yakaharibika. Hakuna hata kimoja kilichonifundisha cha kumjibu msichana huyu.

Jumatano, 12 Juni

Kocha nimemwona. Amekatazwa kuwakaribia wachezaji, kwa hiyo husimama ng'ambo ya barabara, kapu la sokoni mkononi, kama anayesubiri kuvuka. Havuki. Mwanamke wa umri wangu, mabega mapana, viatu vya raba vilivyolika upande mmoja. Wanamwita Filimbi.

Nikavuka mimi.

"Wewe ndiye shangazi wa machungwa," kasema. "Ahsante. Hawali vizuri wakikasirika." Macho yake hayakutoka kwa wasichana. "Yule wa kushoto, mpwa wako, anatua kwa kisigino. Mwambie atue kwa vidole, tafadhali. Mimi siruhusiwi kumwambia."

Nikamuuliza, Mungu anisamehe, kama anamchukia aliyeandika.

Akafikiri. Alifikiri kweli, hakutafuta jibu la kupendeza. "Nilikuwa namsoma kila wiki. Nakata nabandika mlangoni kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ile ya mabinti kuamshwa wakapike wakati kaka zao wamelala – wasichana waliijua kwa moyo. Ndiyo inayoniuma. Nilidhani yule yuko upande wetu."

Nikasema lazima nikimbie, nimeacha sufuria jikoni. Hakukuwa na sufuria.

Ijumaa, 14 Juni

Siku nzima najaribu kuandika radhi. Sentensi ya kwanza: "Iwapo kuna aliyeumizwa na makala yangu..." Iwapo! Hiyo ndiyo sentensi niliyowacheka mawaziri kwayo. Nikafuta. Ya pili ikamlaumu mkuu wa chuo, ambaye alitafuta kisingizio nami nikampa. Kweli tupu, ila si hiyo iliyotakiwa. Ya tatu ikamlaumu mhariri. Ya nne ikazungumzia wanawake wote na historia yote. Kalamu yangu inajua njia moja tu, ya kwenda mlangoni kwa mwenzangu. Kurudi nyumbani haijui.

Mwisho nimeandika hivi: Nilisikia kichekesho nikakiandika kama ushahidi. Sikwenda kuona. Kocha hakufanya nililosema. Nilikosea.

Maneno mafupi. Nimeyatoa kama mtu anayetolewa jino.

Mhariri kayakataa. Badala yake ana habari njema, anasema: kamati ya chuo inaketi Jumatano kuamua juu ya kocha, na mkuu wa chuo anamwalika Mwiba kwa heshima zote aje kuthibitisha aliyoyaandika. Nikamwomba basi awapelekee kamati karatasi yangu. Kaipeleka. Jibu limerudi jioni: karatasi isiyo na jina halisi si ushahidi. Makala isiyo na jina halisi ilitosha kumwondoa mtu kazini. Karatasi isiyo na jina haitoshi kumrudisha! Hapo palikuwa na makala nzuri kabisa. Nikajikuta nimeshaanza kuitungia kichwa cha habari. Nikajiona. Nikaifunga kalamu.

Jumapili, 16 Juni

Kaka kapiga simu kumjulia hali binti yake. "Mdogo wangu, mtoto ananiambia ameacha kula. Kuna nini huko?" Nikasema ni mazoezi. Kaka akasema nimwangalie, ananiamini mimi kuliko mama yake. Hili la mwisho alilinong'ona.

Kisha mimi na binti, jikoni, yeye anaosha vyombo nami nakausha.

Nikamwambia nitakwenda Jumatano.

Hakugeuka. "Ukienda watajua wewe ni nani. Wakijua wewe ni nani, watajua ni mimi niliyekuletea."

Kweli. Hilo nilishaliona. Nilikuwa natumaini yeye hajaliona.

"Tumekuwa tukilala chumba kimoja kwenye safari za mechi, Shangazi. Tunatumia taulo moja. Nahodha ananiita pacha."

Basi nisiende?

Sahani moja aliiosha, akaiosha tena. "Usipokwenda, Kocha anaondoka. Na Kiberiti."

Unataka nifanye nini, mama?

"Unaniuliza mimi?" Hapo akageuka. "Wewe ndiye uliyesoma vitabu."

Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningejua kuijibu. Alikuwa ananiuliza.

Jumatatu, 17 Juni

Sikwenda kiwanjani. Kiberiti katuma salamu: mfuko wa mchanga unateleza, nani amshikilie.

Jumanne, 18 Juni

Nimepiga pasi gauni la kijivu. Nimelitundika. Nimeliondoa, nimetundika jingine. Umri huu!

Nikamuuliza binti kama anataka awaambie mwenyewe kwanza, kabla yangu. Kasema amejaribu leo. Walikuwa wamekaa juu ya mbao, wanakula, amefungua mdomo, na nahodha akamwekea kipande chake cha nyama mdomoni. Akatafuna. Ikawa basi.

Jumatano, 19 Juni

Naandika hapa hapa, kwenye benchi nje ya chumba cha kamati. Naandika ili nisiondoke.

Korido ndefu, sakafu imepigwa deki, harufu ya dawa ya sakafu inapanda kichwani. Nilifika mapema nikidhani nitakuwa peke yangu. Nimewakuta wote. Wamevaa jezi, za pete na za wavu, zimepigwa pasi. Hawakualikwa. Wamekaa ukutani kwenye sakafu kama watu waliokuja kumwona mgonjwa.

"Shangazi! Nawe umekuja kutusindikiza!" Nahodha kainuka kunipisha kwenye benchi. "Mnaona? Huyu ndiye mtu."

Nilisema nini? Nilisema, "Shikamooni, nimeshaitika." Upuuzi. Wakacheka, wakadhani nawachangamsha.

Kocha yuko benchi la pili, amekaa wima, kapu mapajani ingawa leo halina kitu. Kaniinamishia kichwa. "Mpwa wako anatua kwa vidole sasa," kaniambia kimya kimya. "Ahsante kwa kumwambia." Sikumwambia. Nilisahau. Atakuwa alijifunza mwenyewe.

Binti yuko dirishani. Nilimwambia nyumbani kwamba sitalitaja jina lake hata wakinibana. Kasema halina haja ya kutajwa, Shangazi, tuna pua moja.

Mkuu wa chuo kapita. Mtu mnene, mchangamfu, faili kwapani. Kamwagiza karani: Mwiba akifika aingizwe moja kwa moja, asikalishwe na hawa. Kanipita akaniambia habari za asubuhi mama.

Wasichana wanabishana atafanana vipi. Mwenye kitambi bado anaongoza. Mmoja anasema atakuja na dereva. Nahodha anasema wasimzomee, wamtazame tu. "Tumtazame mpaka ashindwe kumeza mate." Wamekubaliana. Wanajizoeza kutazama, na wawili wanacheka.

Kiberiti kaketi kulia kwangu, mguu umenyooshwa, bandeji mpya. Kaniuliza naandika nini. Nikasema ya sokoni. Kasema niongeze machungwa.

Mlango umefunguka. Karani ana karatasi. Anavaa miwani. Anasoma: "Mwiba. Mwiba yupo?"

Wote wamegeuka kutazama upande wa ngazi, ambako atatokea. Kocha pia. Binti peke yake hatazami ngazi. Ananitazama mimi.

"Mwiba?" karani kaita tena.

Kiberiti hawezi kuona, wenzake wamesimama mbele yake. Anataka kuinuka na goti halikubali. Ananiambia, Shangazi niinue, nimwone. Kaushika mkono wangu, huu usio na kalamu, kauegemea kwa uzito wake wote, na mimi nasimama naye